Yvonne Owuor kati ya Nairobi na visiwa: habari inayotuhusu na sisi wa Katuba

Katuba, Lubumbashi. Hapa kwetu mtu akisema "ninaenda Kenya", hakuna anayemuuliza pasipoti. Kenya ni komini jirani, unafika kwa miguu. Lakini leo, wapenzi wasomaji, nataka tuongee juu ya Kenya ile nyingine, nchi yenye bahari, na juu ya mama mmoja mwandishi ambaye kazi yake imekaa kati ya mji mkubwa na visiwa. Jina lake ni Yvonne Adhiambo Owuor.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1968. Alisoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, halafu akaenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Reading, kusomea mambo ya televisheni na video. Baadaye alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Ndiyo maana kazi yake ina pande mbili, vitabu na picha.

Jina lake lilijulikana mwaka 2003. Jarida la Kwani? la Nairobi lilichapa hadithi yake "Weight of Whispers", yaani uzito wa minong'ono, na hadithi hiyo ikapata Tuzo ya Caine, inayotolewa kila mwaka kwa hadithi fupi ya mwandishi wa Afrika. Inamfuata Boniface Kuseremane, Mnyarwanda wa ukoo mkubwa anayekimbia mwaka 1994 pamoja na mama yake, dada yake na mchumba wake. Wanafika Nairobi. Huko ukoo wake haumsaidii kitu. Anapanga foleni ya kutafuta karatasi, pesa inaisha, na pembeni watu wananong'ona: huyu alifanya nini kule kwao?

Mwaka huohuo wa 2003 alichukua kazi kisiwani. Alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, mpaka mwaka 2005. Tamasha hilo lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1998. Linaitwa pia tamasha la nchi za majahazi, kwa sababu linakusanya kazi za Afrika, Uarabuni, Bara Hindi na visiwa vya Bahari ya Hindi, nchi zote ambazo zamani zilifikiwa na pepo za kaskazi na kusi. Usiku filamu zinaonyeshwa wazi ndani ya Ngome Kongwe, kwenye Mji Mkongwe, mbele ya bahari.

Lakini sehemu inayonigusa mimi haipo mule ngomeni. Tamasha hilo lilikuwa na desturi ya kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, kwa watu wasioweza kufika mjini. Mama wa kijiji alikaa na wanawe akaona filamu bila kulipa nauli. Wengi tunafikiri kwamba sanaa ni ya watu wa mjini, na kwamba wa pembeni wangoje mpaka iwafikie kwa bahati. Kule mtu alifunga safari kuwapelekea.

Baada ya Zanzibar aliendelea kuandika. Mwaka 2007 hadithi yake nyingine, "The Knife Grinder's Tale", ilitengenezwa filamu fupi. Halafu kikaja kitabu Dust, maana yake vumbi, kinachoanza na kijana Odidi anayepigwa risasi mjini Nairobi mwaka 2007. Dada yake Ajany anarudi nyumbani kwao, kaskazini mwa nchi kwenye ukame, na siri za familia zinaanza kufunguka pamoja na siri za nchi. Mwaka 2015 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Mwaka 2019 alirudi kisiwani, safari hii kwa kalamu. Kitabu chake The Dragonfly Sea, bahari ya kereng'ende, kinaanzia Pate, kisiwa kidogo karibu na Lamu. Mtoto Ayaana hana baba, anaishi na mama yake Munira, na anajichagulia baba mwenyewe: mzee Muhidin, baharia aliyerudi kutoka mbali. Baadaye Ayaana anapelekwa China, kwa sababu watu wanamwona kuwa mzao wa mabaharia Wachina wa zamani. Hilo halikutoka hewani. Mwaka 2005, China ilipokumbuka miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, binti mmoja wa visiwa vya Lamu alipewa nafasi ya kusoma kule kwa sababu kama hiyo.

Na Pate ilikuwa na mwandishi mwanamke zamani sana. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa kumfundisha maisha. Mwaka huo mji wetu wa Lubumbashi haukuwepo. Wabelgiji waliujenga kuanzia 1910. Basi Owuor alipokwenda Pate kwa kalamu, hakupeleka uandishi mahali pasipoujua. Aliukuta pale.

Mtu ataniuliza: hayo yote yanatuhusu nini sisi, tunaokaa mbali na bahari hivi?

Kwanza, lugha yetu ilitoka kule. Ilikuja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Tabora, iliyobeba pembe na shaba, na watumwa pia. Ilikuja na Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga Bunkeya. Baadaye Union Minière ikaifanya lugha ya kazi. Tumeibadilisha mpaka mtu wa Zanzibar akitusikia anacheka, lakini mizizi ni ileile.

Pili, minong'ono tunaijua. Nilimsimulia jirani yangu mmoja, mama anayeuza makala hapa Katuba, hadithi ya yule Mnyarwanda. Wazazi wake walitoka Kasai. Mwaka 1992 na 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa Katanga, yeye alikuwa msichana, akalala na familia yake siku nyingi ku gare ya Likasi wakingoja treni. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Ile ni habari yangu. Jina tu njo ya mwingine." Akaendelea kupanga makala yake.

Neno hilo halijanitoka kichwani. Mnyarwanda wa 1994 alipata mwandishi kabla ya miaka kumi kuisha. Mama huyu amengoja zaidi ya miaka thelathini, na habari yake inakaa midomoni mwa jirani tu.

Si kwamba hatujui kuandika. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu hichihichi, kwa niaba ya wanaume waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu. Na tangu 2008 tuna Picha, mkutano wa sanaa ulioanzishwa na vijana wa hapa, akina Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, ambao sasa ni Biennale ya Lubumbashi. Hata jina lake ni neno la Kiswahili. Bado nangoja kitabu au filamu ambamo mama wa Katuba anasimulia mwenyewe, kwa lugha anayoongelea sokoni.

Hapo Owuor naye anatuachia swali. Anaandika kwa Kiingereza. Dust imetafsiriwa kwa Kifaransa kwa jina La Maison au bout des voyages, na msomi wa hapa anaweza kuisoma. Jirani yangu hawezi. Kazi hiyo si ya Owuor peke yake. Ni ya yule anayejua lugha mbili na anayekubali kukaa chini asimulie.

Jumapili nitarudi kwa yule mama na kalamu. Nimemwomba ruhusa, amekubali kwa sharti moja: nikishaandika, nimsomee kwanza yeye.