Malori na Madereva Wetu: Habari za Uchukuzi katika Nchi ya Kiptere

Kamati imeona vema kutia katika taarifa hii habari za uchukuzi wa mali katika nchi yetu, ili wazee wakumbuke na vijana wapate kujua. Kila mwaka twahesabu mapato ya chai, ya mahindi na ya mifugo, lakini ni mara chache tunamtaja yule ayafikishaye mahali pa kuuzwa. Mali isiyofika sokoni haijawa mali bado; na katika nchi ya chai neno hili ni kweli kuliko penginepo.

Hapo kale mizigo ilichukuliwa na watu na punda. Kiptere iko katika njia iteremkayo kutoka vilima vya Kericho kwenda Sondu, na soko la Sondu, mpakani mwa Wakipsigis na Wajaluo, ni la tangu zamani. Huko mifugo na maziwa vilibadilishwa kwa nafaka, vyungu na samaki. Mtu aliuza kadiri ya nguvu za mnyama wake, wala hakuweza kuzidisha.

Mwaka wa 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Ilipita kaskazini ya Kericho, katika kituo cha Lumbwa, ambacho siku hizi chaitwa Kipkelion. Haikupanda mpaka Kericho. Kwa sababu hiyo kila kitu kilichotoka vilimani au kuingia kilihitaji chombo kingine hadi kituoni. Kwanza yalitumika magari ya kukokotwa na ng'ombe, kisha yakaja malori.

Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai Kericho, katika ardhi ambayo watu wetu walikuwa wameondolewa. Uchungu wa jambo hilo wazee wanaujua, nasi hatuupunguzi. Lakini mashamba hayo yalihitaji posho kwa wafanya kazi wengi, na Wakipsigis wakalima mahindi ya kuwauzia, hata wengine wakajenga vinu vya maji vya kusagia. Ndipo lori likawa na kazi ya kwenda na ya kurudi: chai ilishuka kituoni, na vyakula na bidhaa za maduka zikapanda.

Tusidhani kwamba kila mtu aliruhusiwa kufanya kazi hiyo. Mwaka wa 1937 ilitungwa sheria ya leseni za uchukuzi, na mojawapo ya makusudi yake ilikuwa kuilinda reli isishindwe na motokaa. Mtu hakuweza kuchukua mizigo ya wengine kwa malipo bila leseni, na kwa Mwafrika mwenye mtaji mdogo mlango huo ulikuwa mwembamba sana.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilileta badiliko. Vijana wengi wa Kenya waliingia jeshini, na baadhi yao walifundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza. Walipeleka chakula, petroli na risasi Uhabeshi mwaka wa 1941, na baadaye wakafika Burma. Vita vilipokwisha walirudi na ufundi mikononi na akiba kidogo mfukoni. Wengine walichanga fedha wakanunua lori moja kwa shirika. Wako waliofaulu, lakini wengi walishindwa kwa ajili ya deni, vipuri vya bei kubwa, na barabara zilizovunja springi kabla gari halijalipiwa. Hata walioshindwa walituachia faida, maana waliwafundisha vijana waliopanda nao kama mataniboi.

Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, kilimo cha chai kilienezwa kwa wakulima wadogo. Mwaka wa 1960 iliundwa halmashauri ya kuwasimamia, na mwaka wa 1964 kazi yake ikachukuliwa na KTDA, ambayo tangu mwaka wa 2000 ni kampuni ya wakulima wenyewe. Tangu hapo lori la majani mabichi limekuwa sehemu ya maisha ya kila nyumba yenye chai.

Yafaa tueleze kwa nini. Jani bichi lina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na huhitajiwa kilo 4 hadi 5 za majani kupata kilo 1 ya chai kavu. Likikaa katika gunia lililoshindiliwa hupata joto, hugeuka jekundu, na kiwandani hukataliwa. Mama aliyeamka alfajiri kuchuma majani mawili na kichipukizi, akayabeba mpaka kituo cha kununulia, kazi yake yote inategemea saa ya kufika kwa lori. Mvua inapoharibu barabara na lori likakwama matopeni, anayepata hasara ni yeye, ijapokuwa hakukosa lolote. Ndiyo maana twasema barabara ya kijijini ni sehemu ya shamba.

Kutoka kiwandani safari huendelea. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka wa 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka wa 1969, na kadiri reli ilivyopungua nguvu, hasa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977, ndivyo mizigo ilivyozidi kuhamia barabarani. Faida imekuwa kubwa, na hatari pia. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likaingia katikati ya wachuuzi na abiria, na zaidi ya watu 50 wakafa. Walikuwa watu waliotoka kutafuta riziki kando ya barabara, kama wafanyavyo watu wa Kiptere kila siku.

Kwa hiyo heshima tunayompa dereva iwe pamoja na matakwa. Sheria ya Kenya haimruhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Basi mwenye gari asimharakishe, na mwenye mzigo asimshawishi kwa bakshishi. Breki zitazamwe kabla ya mteremko. Vibanda vya soko visogezwe mbali na ukingo wa barabara. Nasi wanachama tushike majembe tuzibue mitaro kabla ya masika, maana maji yakipita juu ya njia hayana huruma kwa chai ya mtu.

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Dereva mwema huifikisha mali yetu kwa wakati, na yeye mwenyewe akarudi kwake salama. Tumwombee hayo, na tumsaidie ayatimize.