Unasaji wa elektroni katika gesi zenye halojeni
Ni tukio ambapo elektroni yenye nishati ndogo hugonga molekuli ya gesi yenye florini, klorini au bromini, ikanaswa. Katika sulfuri heksafloridi (SF6), ajabu ni kwamba kadiri elektroni inavyokuwa goigoi ndivyo inavyonaswa kirahisi, na molekuli hugeuka ioni hasi. Kwa kunasa elektroni zinazobeba mkondo, gesi hii huzima cheche ndani ya swichi za umeme wa msongo mkubwa. Ila, kilo kwa kilo, huongeza joto duniani zaidi ya mara 20,000 kuliko kaboni dioksidi katika miaka 100. Kaboni tetrakloridi yenyewe, ikinasa elektroni, huvunjika na kuachia ioni ya kloridi. Mwingereza James Lovelock alitumia unasaji huu kuunda kitambuzi kilichobaini klorofluorokaboni katika hewa ya Atlantiki mwanzoni mwa miaka ya 1970.