Bima ya Kitanda na Saratani ya Matiti nchini Kenya

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, uliofahamika kwa kifupi kama NHIF, ulianzishwa nchini Kenya mwaka 1966, na mwaka 1972 watu waliojiajiri wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Jina lenyewe lilidhihirisha mipaka yake: bima hiyo ililenga kitanda, yaani siku za kulazwa wodini, ilhali saratani ya matiti hutibiwa kwa sehemu kubwa mgonjwa akitoka nyumbani asubuhi, akaketi kitini saa kadhaa dawa zikimwingia mshipani tone kwa tone, kisha akarudi jioni, na baada ya wiki kadhaa akaanza upya. Mzigo wa gharama za tiba hiyo uliangukia familia na harambee, yaani michango ya jamaa na majirani, na si haki kuuita bahati mbaya, kwa kuwa ulitokana na namna mfuko ulivyoundwa. Michango ya wanachama wa NHIF ilipopandishwa mwaka 2015 ndipo huduma za wasiolazwa, pamoja na tiba ya saratani, zilipopanuliwa. Na Oktoba 2024 NHIF ikaipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayomkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wake.