Meli ya Liemba na Istilahi ya Usomaji wa Diski

Seva inayowapelekea watazamaji wengi filamu waziombazo, kila mmoja kwa wakati wake, haina budi kuamua ni ombi lipi lisomwe kwanza katika diski. Neno la kwanza limjialo mfasiri wa kazi hiyo ni foleni. Sisi tunaona kuwa linapotosha, na ushahidi wetu tunautoa Kigoma.

Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916; ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina hilo tulijualo. Kwa miaka mingi iliteremka hadi Mpulungu, Zambia, ikipitia Kalya, Ikola, Karema, Kipili na Kasanga, kisha ikarejea kwa njia ile ile. Pasipo na gati, mitumbwi iliifuata majini. Nahodha hakuuliza nani alitangulia kufika ufukoni. Aliwachukua watu kama walivyopangana mwambaoni. Lau angefuata foleni, angekwenda Kasanga, akarudi Kalya, akashuka tena Kipili, na siku zote zingeishia njiani.

Kichwa kisomacho diski ya kuzunguka nacho husafiri kati ya ukingo wa ndani na wa nje. Mwaka 1967 (mwaka ule ule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa) Peter Denning wa Marekani alichapisha uchambuzi wa mwendo huo. Kumhudumia kwanza aliye karibu huonekana busara, lakini wa mbali aweza kusahauliwa kabisa. Kichwa kikienda upande mmoja kikisoma yote yaliyo njiani, kisha kikageuka, hakuna asahauliwaye.

Filamu zilileta shida mpya, maana data ikichelewa picha hukwama. Mwaka 1993 Reddy na Wyllie walieleza njia ya kutanguliza ombi ambalo muda wake unakaribia kwisha. Yenye muda sawa husomwa kwa mwendo ule wa kwenda na kurudi. Hapo hata nahodha wetu angeacha desturi yake, kama angekuwa na abiria wanaowahi garimoshi Kigoma.

Tunapendekeza basi kazi yote iitwe upangaji wa zamu. Mwendo wa kwenda na kurudi uitwe zamu ya mwambao. Na muda usiovukwa uitwe makataa. Foleni ibaki kwa njia ya kumhudumia kwanza aliyetangulia. Ratiba tumeiacha, kwani huandikwa kabla ya safari, na seva haijui nani ataomba filamu gani.