Vituo 79 Kati ya Roma na Bahari

Somo: Matendo ya Mitume 28:11–16

Leo nataka tusafiri pamoja njia ndefu, na kiongozi wetu ni mtu aliyefariki zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Jina lake ni Sigeric, naye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kule Uingereza.

Mwaka wa 990 Sigeric alifunga safari kwenda Roma. Hakwenda kwa kupenda matembezi. Desturi ya siku zile ilimtaka kila askofu mkuu mpya aende kupokea kwa Papa ukanda wa sufu nyeupe uitwao palio, unaovaliwa mabegani juu ya mavazi ya ibada, uwe alama ya mamlaka yake. Basi akaenda, akapokelewa, akazuru makanisa 23 katika mji ule, akala chakula na Papa Yohane wa 15, kisha akageuka kurudi kwao. Na mtu mmoja katika msafara wake, yamkini karani, akaandika majina ya vituo vya njiani, kimoja kimoja hadi kufika 79, kuanzia Roma hadi ukingo wa bahari inayotenga Ufaransa na Uingereza. Maandishi hayo yapo hata leo, yamehifadhiwa London katika Maktaba ya Uingereza.

Ni orodha tu. Haina neno juu ya baridi, wala juu ya chakula, wala juu ya miguu iliyovimba. Lakini kwa ajili ya orodha hiyo kavu, watu wa siku zetu wameweza kuifufua njia nzima. Wanaiita Via Francigena, maana yake njia itokayo nchi ya Wafaranki, na mwaka wa 1994 Baraza la Ulaya liliitambua kuwa mojawapo ya njia za utamaduni za bara lile. Kila mwaka wako wanaoifuata kwa miguu, na wako wanaoifuata kwa baiskeli.

Hawa wa baiskeli ndio walionifanya nichague habari hii. Vijana wetu wengine wanatamani kupanga safari ya namna hiyo, na wazee wao wanauliza, tena kwa haki, kama kuhiji si jambo tuliloliacha tangu siku za Matengenezo ya Kanisa. Nitakuja kwa swali la wazee. Kwanza tupige hesabu, maana Bwana wetu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, alimsifu mjenzi anayekaa chini na gharama zake kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Njia ya Sigeric ni zaidi ya kilometa 1,700. Ukizigawa kwa vituo vyake utaona kwamba kutoka kituo hadi kituo ni kilometa 20 na kitu, mwendo wa kutwa kwa mtu asiyeharakishwa. Mwendesha baiskeli aliyefunga mzigo kwenye keria, naye si mtu wa mashindano, aweza kwenda vituo vitatu kwa siku. Hizo ni siku 26 za kukanyaga pedali. Ongeza Jumapili nne za kupumzika na kuabudu pamoja na watu wa mahali, umepata mwezi mzima.

Lakini hesabu hiyo ni ya ramani, na ramani haina mlima. Kutoka Canterbury utashuka hadi Dover, utavuka kwa meli hadi Calais, na kisha ni Arras, Laon, Reims na Châlons, nchi ya mashamba mapana ambapo adui ni upepo wa usoni. Huko utapita makaburi mengi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, safu kwa safu. Halafu nchi inaanza kuinuka: Besançon, Pontarlier, kisha Lausanne kando ya ziwa huko Uswisi, na baada ya ziwa, mji wa Martigny. Hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Kutoka Martigny barabara hupanda hadi kilele cha njia ya Great St Bernard, karibu mita 2,470 juu ya bahari. Ni mita 2,000 za kupanda katika kilometa zisizofika 50. Mtu atokaye Mombasa mpaka Limuru hupanda kiasi kama hicho, lakini yeye amegawiwa kilometa zaidi ya 500 za kukipandia.

Sigeric aliujua mlima huo kwa jina na kwa sifa. Miaka 31 kabla yake, mwaka wa 959, Aelfsige aliyeteuliwa kukalia kiti hicho hicho cha Canterbury alikuwa njiani kwenda Roma kuchukua palio. Baridi ya milima ya Alps ikamwua. Hakufika. Na mwaka wa 972 Majolus, mkuu wa watawa wa Cluny, alipokuwa akirudi kutoka Roma alikamatwa katika mlima huo huo na wanyang'anyi waliokuwa na ngome yao kusini mwa Ufaransa, akaachiliwa kwa fidia ya fedha nyingi. Kwa hiyo, ndugu zangu, Askofu Mkuu wa mwaka 990 alipoanza kupanda alikuwa na kaburi moja na utekaji mmoja wa kufikiria.

Sasa itazame tena ile orodha mahali hapo. Upande wa Italia kituo ni Saint-Rhémy. Kinachofuata ni Bourg-Saint-Pierre, upande wa Uswisi. Katikati yake ni kilele, na juu ya kilele hakuna kituo. Ile nyumba mashuhuri ya wageni iliyo kileleni ilianzishwa na Bernard, mhudumu wa kanisa la Aosta, kama mwaka wa 1050, nusu karne na zaidi baada ya Sigeric. Watu wa Sigeric walilazimika kulala chini upande huu, kuvuka, na kulala chini upande ule. Hapo mimi nafahamu jinsi njia hii ilivyopangwa. Haikupimwa kwa nguvu za miguu wala za farasi. Ilipimwa kwa milango iliyokuwa tayari kufunguliwa jioni. Palipokuwa na nyumba ya watawa au mji wenye kanisa, hapo palikuwa kituo. Na kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliwaagiza watawa wampokee kila mgeni kama vile wangempokea Kristo mwenyewe.

Mpangaji wa leo hana budi kuanza na mlima huo pia. Kuna tundu lililotobolewa chini yake mwaka wa 1964, lakini hilo ni la magari, si la baiskeli. Barabara ya juu huzibwa na theluji, na kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Juni hivi na kufungwa tena Oktoba. Basi mwenye busara huchagua kwanza siku ya kuvuka kilele, halafu huhesabu kurudi nyuma hadi Canterbury apate siku ya kuondoka. Anayechagua siku ya kuondoka kwa sababu ndiyo likizo ilipoanzia aweza kukuta lango limefungwa.

Tena wengi huogopa kupanda na kusahau kuteremka. Kupanda hukuchosha tu. Ukishindwa, unashuka unaisukuma. Kuteremka hadi Aosta na mzigo nyuma ni kazi ya breki, na wale walioshuka kilima kwa Black Mamba zetu za breki za vyuma, mvua ikinyesha, hawahitaji maelezo. Breki mpya, na nyingine za akiba mfukoni. Hilo ni la lazima kuliko nguo nzuri.

Kutoka Aosta nchi ni rahisi kwa muda: Ivrea, Vercelli na mashamba yake ya mpunga, Pavia, kisha mto Po. Sigeric aliuvuka karibu na Corte Sant'Andrea, na hata leo wasafiri huvushwa hapo kwa mashua, baiskeli na yote. Baadaye kuna mlima mwingine, njia ya Cisa, wa mita 1,041, halafu Lucca, Siena, Viterbo. Vipande vingine vya njia ya miguu vina mawe na ngazi zisizofaa magurudumu, kwa hiyo baiskeli hupewa njia yake ya pembeni. Hakuna haja ya kuona haya kwa hilo. Hata wale wa Santiago kule Hispania, ambao hutoa cheti kwa mwenye kuhiji, humdai mtu wa miguu kilometa 100 za mwisho, na wa baiskeli 200.

Na sasa swali la wazee. Ni kweli kwamba baba zetu wa Matengenezo walizikataa safari hizi. Canterbury yenyewe ilikuwa mahali pa kuhiji, kwenye kaburi la Thomas Becket aliyeuawa ndani ya kanisa kuu tarehe 29 Desemba 1170, na mwaka wa 1538 Mfalme Henry wa 8 aliamuru kaburi lile libomolewe. Mfalme alikuwa na jicho lake kwenye dhahabu iliyokuwa pale, hilo tusilifiche. Lakini Martin Luther hakuwa na tamaa ya dhahabu. Yeye alikwenda Roma kwa miguu kati ya mwaka 1510 na 1511 akiwa mtawa, na mwaka wa 1520, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani, aliwaonya juu ya mtu anayetumia fedha zake kwenda Roma huku mke wake, watoto na jirani zake wakiachwa katika dhiki nyumbani, naye akijiona amefanya tendo la kumpendeza Mungu.

Onyo hilo si la Ujerumani peke yake. Mimi naona ndilo lingekuwa ukurasa wa kwanza wa mpango wowote, kabla ya ramani. Nani atalipa karo wakati wewe uko Lausanne? Mama mzazi anayemeza dawa kila jioni, nani atamkumbusha? Kama majibu hayapo, baiskeli na ibaki ukutani. Na kama yapo, bado liko la pili: hakuna kilometa hata moja inayonunua msamaha. Huo umekwisha kutolewa bure msalabani, na mtu aweza kuupokea akiwa ameketi jikoni kwake. Anayekwenda na aende kama mtu aliyekwisha kupokea. Ndipo aweza kuikatisha safari kule Pavia, akiugua, bila kudhani amepungukiwa na neema.

Lakini kupanga safari kwa ajili ya Injili, hilo hatukuliacha kamwe. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 15, anawaeleza watu wa Roma njia anayokusudia: kwanza Yerusalemu na mchango wa maskini, kisha kwao, kisha Hispania. Alifika Roma kweli, ila amefungwa. Somo letu lasema kwamba ndugu walitoka mjini kumlaki, wengine hadi Soko la Apio, wengine hadi Mikahawa Mitatu, naye alipowaona akapata moyo. Hata Paulo alihitaji watu wa kumngoja njiani. Sisi Waanglikana wa Afrika Mashariki twajua njia isiyo na wa kukungoja ilivyo. Askofu James Hannington aliondoka Rabai Julai 1885, akafuata njia mpya ya kuingia Uganda kutoka mashariki, na tarehe 29 Oktoba akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, kwa kuwa upande ule ndio uliokuwa ukiogopwa kwamba adui atatokea. Ndugu zake wa misheni walikuwa ng'ambo, Buganda. Mlango haukufunguliwa.

Turudi kwa Sigeric. Aliporudi nyumbani hakupumzika. Mwaka wa 991 Wadenmaki waliishambulia nchi yake, na yeye ndiye aliyeshauri wapewe pauni 10,000 ili waache vita. Walipokea, na baadaye wakarudi kudai zaidi. Wako wanaomlaumu mpaka leo. Lakini mwaka wa 1027 Mdenmaki, Mfalme Cnut, akitawala Uingereza hiyo hiyo, alisafiri mwenyewe hadi Roma, na huko akawaomba wafalme wa nchi za njiani wawapunguzie watu wake wanaohiji ushuru uliokuwa ukitozwa milimani. Walikubali, naye akawaandikia watu wa Uingereza barua kuwaarifu.

Sigeric hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka wa 994. Orodha yake inaishia kituo cha 79, kijiji cha Sombre karibu na Wissant, ambapo barabara inakoma mchangani. Kutoka hapo hapakuwa na njia ila mashua na upepo.