Mmea Uliobomoa Nyumba: Habari za Wisteria



Katika ukoo wa kunde na maharagwe yumo ndugu mmoja asiyewekwa chunguni. Jina lake ni wisteria. Hupanda kwa kujiviringisha, kama maharagwe yapandavyo kijiti, na maganda yake yafanana na ya maharagwe, lakini mbegu zake ni sumu. Watu huupanda kwa ajili ya maua yake, yaning'iniayo kwa mashada marefu ya rangi ya zambarau au nyeupe, yenye harufu nzuri. Uzuri huo umeusafirisha mbali sana, na kila ulikofika uliwauliza watu swali moja: Je, bwana wa bustani ni nani, mwenye kupanda au kilichopandwa? Na tuangalie jinsi watu mbalimbali walivyolijibu.

Asili yake ni China, Japani, na upande wa mashariki wa Marekani. Wajapani huuita fuji, nao waliuheshimu tangu kale. Jamaa kubwa ya Fujiwara, iliyopewa jina hilo katika mwaka wa 669 na kuwa na nguvu nyingi katika baraza la wafalme wa Japani, jina lake lina maana ya uwanda wa fuji.

Uingereza ulifika kwanza ule wa Marekani, ulioletwa na Mark Catesby katika mwaka wa 1724. Lakini uliowashangaza watu ulikuwa ule wa China. Katika mji wa Canton alikuwako mfanyabiashara tajiri, ambaye wageni walimwita Consequa, naye alikuwa na mmea huo bustanini mwake. Miche yake ilichukuliwa na manahodha wawili, Welbank na Rawes, kila mmoja kwa merikebu yake, ikafika Uingereza mwezi wa Mei, 1816. Wenye kuipokea walidhani ni mimea ya nchi ya joto, na mmoja ukatiwa katika nyumba ya vioo yenye joto kali. Humo ukashambuliwa na utitiri mwekundu, nusura ufe. Kumbe ulikuwa na uwezo wa kustahimili baridi! Katika mwaka wa 1819 ulichanua, na baada ya hapo ukaenea katika kuta za nyumba kubwa na ndogo. Jina la wisteria lilitolewa na Thomas Nuttall katika mwaka wa 1818, kwa heshima ya Caspar Wistar, mganga na mwalimu wa mji wa Philadelphia.

Waingereza walijifunza upesi kwamba mgeni huyu hataki kuachiwa. Matawi yake membamba huingia katika mifereji ya mvua na chini ya vigae vya paa. Kisha hunenepa kama mkono wa mtu, yakainua vigae na kung'oa mifereji. Kwa hiyo ikawekwa desturi ya kuupogoa mara mbili kila mwaka. Katika mwezi wa Julai au Agosti, maua yakiisha, matawi mapya hukatwa yakabaki majani matano au sita. Katika Januari au Februari, majani yakiwa yamekwisha kupukutika kwa baridi, matawi yale yale hukatwa tena yakabaki macho mawili au matatu. Kazi hii ina faida mbili: nyumba husalimika, na nguvu za mmea, badala ya kupotea katika matawi marefu, huenda katika macho yatakayotoa maua.

Tena mwenye busara hautilii samadi nyingi. Mizizi yake, kama ya kunde, hujipatia chakula kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vikaavyo humo. Ukiushibisha kupita kiasi, utapata majani tele na maua haba. Wala hapandi mbegu, kwa kuwa mche wa mbegu waweza kukaa miaka kumi au ishirini pasipo kuchanua. Hununua mche uliotokana na mmea uliokwisha kuonekana maua yake.

Sasa tuvuke bahari twende California, katika mji mdogo wa Sierra Madre. Katika mwaka wa 1894 bibi mmoja, Alice Brugman, alinunua mche wa wisteria ya China katika kopo la galoni moja, kwa senti 75 za Marekani, akaupanda karibu na nyumba. Waliomiliki nyumba hiyo baadaye waliupenda mno, wakauacha uende upendako. Ukapanda ukuta, ukafunika paa, ukapenya mbao. Mwishowe nyumba ikaharibika hata ikabidi ibomolewe, katika mwaka wa 1931. Mmea ukabaki. Katika mwaka wa 1990 kitabu cha Guinness kiliutaja kuwa mmea wa maua mkubwa kuliko yote duniani: umeenea zaidi ya ekari moja, na uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 250. Watu huja kuutazama kila mwaka. Lakini walioishi chini ya paa lile walilazimika kutafuta paa jingine.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani jambo lilikuwa baya zaidi. Wisteria za China na Japani zilizopandwa penye nyumba zilizohamwa baadaye ziliingia msituni. Huko hujifunga juu ya miti, huikaba shina na kuizuilia mwanga, hata mti mkubwa ukafa umesimama.

Je, basi, mmea huu ni adui? Turudi Japani tupate jibu. Katika mwaka wa 1996 wisteria yenye umri wa miaka 130 hivi ilihamishwa mwendo wa kilometa 20 na kupandwa Ashikaga. Shina lake lilikuwa na upana wa karibu meta moja, na wengi walidhani haiwezekani. Bibi Konami Tsukamoto, tabibu wa miti, alilifunga shina kwa plasta, kama waganga wafungavyo mguu wa mtu aliyevunjika, akafanikiwa. Leo matawi yake yamelala juu ya chanja kubwa, yamefunika zaidi ya meta 1,000 za mraba, na hayakuvunja nyumba ya mtu yeyote. Mmea ni ule ule. Tofauti ni kwamba huo umetengenezewa chanja imara, mbali na kuta, na mikono ya watunzaji haikupumzika.

Huenda wewe msikilizaji hutapanda wisteria maishani mwako. Lakini barazani kwako labda pana ua litambaalo, au penye kona ya nyumba pana mche ulioupenda kwa kuwa ni mdogo. Uupime kwa ukubwa utakaokuwa nao wajukuu wako watakapoketi chini yake, uupe nafasi yake na nguzo yake, na kisu chako kisilale. Wazee walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Nao walisema pia, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenye nyumba ya Sierra Madre hata ukuta wa kujenga hawakubakiwa nao.