Alama Isiyokuwepo: Lebo, Mipangilio na Tathmini ya Mwanafunzi Mkimbizi wa Nakivale

Ikisiri

Mjadala kuhusu programu za kusimamia tathmini umejikita katika lebo: majina ya madaraja, vichwa vya safu na lugha ya ripoti. Makala hii inadai kwamba kwa mwanafunzi mkimbizi anayeingia shule ya Uganda katikati ya mwaka, uamuzi mzito zaidi hufanywa kwenye mipangilio, hasa ule unaoiambia programu iichukulieje alama isiyokuwepo. Kwa kutumia mizani ya tathmini endelevu ya mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020, inaonyeshwa kwamba mpangilio mmoja tu waweza kumtoa mwanafunzi yuleyule katika ngazi ya wastani na kumwacha nje ya mizani yote.

1.0 Chanzo cha hoja

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo inasikika hoja kwamba hatua inayofuata ni kuzipa programu za shule sura ya Kiswahili. Lebo zikibadilishwa, inasemwa, mzazi ataielewa ripoti ya mwanawe na haki itakuwa imetendeka.

Hoja hiyo haikosi mashiko. Base Camp, kitovu cha biashara na utawala cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, inawakutanisha Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wenyeji Wanyankole, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mzazi aliyesoma Bukavu au Uvira anaweza kuisoma ripoti ya Kiswahili bila mkalimani. Ninachokipinga ni hatua ya pili ya hoja hiyo, ile inayoruka kutoka kueleweka kwa ripoti hadi usahihi wake.

2.0 Waliotangulia

Kwamba uainishaji hubeba siasa si jambo linalohitaji kuthibitishwa tena. Geoffrey Bowker na Susan Leigh Star walilionyesha mwaka 1999, na sijaona aliyewapinga kwa uzito. Wala haibishaniwi kwamba Kiswahili kinamudu istilahi za kompyuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, mwaka 2004, ukalifunga swali hilo.

Ubishi uko kwingine. Warithi wa Kilinux katika nyanja ya elimu wamechukua mbinu iliyofaa kwa programu ya kuandikia barua wakaihamishia kwenye programu inayotoa hukumu. Katika programu ya kuandikia, ukibadilisha neno kwenye menyu, barua inabaki ileile. Katika programu ya tathmini, nyuma ya kila lebo kuna kizingiti, uzito na kanuni ya kukokotoa, na hivyo havitafsiriki. Upande wa pili wako mafundi wanaosema programu haina upande, inafanya inachoambiwa tu. Dai hili ni dhaifu zaidi, kwa sababu programu hufanya mengi ambayo hakuna aliyeiambia.

Moodle yatosha kuwa ushahidi. Hii ndiyo programu iliyo chini ya MUELE, mfumo wa kujifunzia mtandaoni wa Chuo Kikuu cha Makerere. Katika mipangilio yake ya chaguo-msingi, daraja A huanzia asilimia 93, na alama yoyote iliyo chini ya 60 ni F. Mizani hiyo ina asili ya Kimarekani, ilhali katika vyuo vikuu vya Uganda alama ya kufaulu kwa kawaida ni 50. Mhadhiri anayeonyesha madaraja kwa herufi bila kugusa vizingiti atampa F mwanafunzi wa alama 55 aliyefaulu kwa kanuni za chuo chake. Ukiitafsiri F kuwa “Ameshindwa”, utakuwa umeandika Kiswahili fasaha na uongo kwa pamoja.

3.0 Kisanduku kitupu

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na Kidato cha Kwanza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa mwanzo walifanya mtihani wa cheti cha ngazi hiyo, UCE, mwaka 2024. Tathmini ya shuleni ina uzito wa asilimia 20, na mtihani wa Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, asilimia 80. Kazi za darasani hupimwa kwa mizani inayofika 3.0. Kuanzia 0.9 hadi 1.49 ni ngazi ya msingi, 1.5 hadi 2.49 ni wastani, na 2.5 hadi 3.0 ni bora. Chini ya 0.9 hakuna ngazi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anatoka Rutshuru nchini Kongo, anavuka mpaka Bunagana mwezi Julai, anapitia kituo cha Nyakabande wilayani Kisoro, na hatimaye anafikishwa Nakivale. Septemba anaandikishwa Kidato cha Tatu, muhula wa tatu unapoanza. Katika muhula huo anafanya kazi zote na kupata wastani wa 2.4. Mihula miwili ya kwanza haina alama. Tuseme shule inaipa mihula yote uzito sawa.

Programu ikipangwa kupuuza nafasi tupu, wastani wake wa mwaka ni 2.4. Yuko ngazi ya wastani, hatua chache kabla ya kuitwa bora. Ikipangwa kuhesabu nafasi tupu kuwa sifuri, 2.4 inagawanywa kwa tatu na kuwa 0.8. Hajashuka hadi ngazi ya msingi. Ameanguka nje ya mizani. Kazi ni zilezile, mwalimu ni yuleyule, na lebo zote zinaweza kuwa zimeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Kilichotofautiana ni kisanduku kimoja cha kuweka alama ya vema katika ukurasa wa mipangilio.

Nafasi ile tupu pia haimaanishi kwamba mtoto hakusoma. Mwaka wa shule Kongo huanza Septemba na kwisha katikati ya mwaka unaofuata, na ule wa Uganda huanza Februari na kwisha Desemba. Miezi ambayo programu ya Uganda inaiona kuwa mihula isiyo na alama, mtoto huyu alikuwa darasani Rutshuru akipewa alama kwa asilimia, na 50 ndiyo ya kufaulu. Kama kadi yake ya matokeo imeokoka safarini, alama zipo. Zimekosa tu mahali pa kuingia, maana muundo wa programu unajua mihula mitatu ya kalenda moja.

Madhara hayaishii kwenye ripoti. Katika utaratibu wa matokeo ya UCE ulioanza 2024, Tokeo la 1 ni la aliyestahili cheti, na Tokeo la 2 ni la aliyekosa kutimiza masharti, likiwemo la kuwa na alama za tathmini endelevu. Nafasi tupu, basi, ni jambo ambalo mfumo wa taifa wenyewe unalihesabia uzito. Shule inayoigeuza kuwa sifuri kimyakimya, au kuifuta kimyakimya, inafanya uamuzi wa kitaaluma bila kikao.

Mwelekeo wa mizani unastahili sentensi chache. Katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, jumla ya masomo manne huanzia 4 hadi 36, na 4 ndiyo bora. Kwa mzazi aliyezoea asilimia za Kongo, namba kubwa ndiyo ya kujivunia. Hapa lebo nzuri husaidia kweli, na nawaachia wapinzani wangu ushindi huo.

4.0 Pingamizi

Pingamizi kubwa ni kwamba kupuuza nafasi tupu kunamfaidi mtoro: afanye kazi moja vizuri, azikache nyingine, abaki na wastani wa juu. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi mpangilio mmoja kwa wote. Utoro na uhamisho ni sababu mbili tofauti za ukimya uleule, na programu zilizokomaa zinaweza kuzitenganisha. Moodle, kwa mfano, humruhusu mwalimu kuiondoa alama ya mwanafunzi mmoja kwenye hesabu bila kuwagusa wenzake. Kinachokosekana ni kanuni ya shule inayosema ruhusa hiyo itumike lini, kwa ushahidi gani, na nani atie saini.

Wengine watasema shule za Nakivale zina shida kubwa kuliko hizi: madarasa yaliyofurika, umeme, ada. Sibishi. Lakini kuandika kanuni hakugharimu umeme, na shule inayokokotoa kwa jedwali la kawaida la kompyuta, au kwa kikokotoo na kalamu, inakabiliwa na swali lilelile. Tofauti ni kwamba mwalimu wa kalamu hulazimika kuiona nafasi tupu kabla ya kuamua. Programu huamua kwanza.

5.0 Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kizingiti cha kufaulu, uzito wa mihula na hukumu ya nafasi tupu vipitishwe na kikao cha walimu, viandikwe kwenye kumbukumbu, na fundi wa Mbarara au Kampala avitekeleze kama vilivyo. Pili, kila ripoti ichapwe na mistari miwili inayotaja mipangilio iliyoizalisha, ili shule itakayompokea mtoto kesho, iwe Isingiro au Goma, ijue 2.4 au 0.8 imetoka wapi. Tatu, alama ya shule ya kwanza ihifadhiwe kwa mizani yake ya asili, kando ya ile iliyogeuzwa, isifutwe.

Mfano mmoja wa kubuni hauwezi kueleza ukubwa wa tatizo. Huonyesha tu kwamba linawezekana na kwamba halionekani kwa anayesoma lebo. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba fedha yoyote itakayotumika kuzitafsiri programu za tathmini kabla ya shule kutangaza mipangilio yake itakuwa imetumika kuyafanya makosa yasomeke vizuri zaidi.